Mwendo wa Namba Saba

Jumatatu, Oktoba 6
Huu ni mwezi wa tatu tangu nitoke kwetu Tseikuru. Nilikuja Voi kukata mkonge, mkonge ukanikata mimi. Ijumaa iliyopita alikuja mtu na gari jeupe mahali tunaposubiri kazi, akauliza nani anajua kutembea porini. Tulicheka. Tulipoona yeye hacheki, tukapanda.

Sasa tuko kwenye ranchi, kati ya Marungu na Rukanga. Asubuhi Mlima Kasigau uko karibu kama ukuta wa jirani, mchana vumbi linauficha. Kuna mahema mapya, jenereta, mlingoti mrefu wenye kamera juu, na vijana wa Nairobi wenye kompyuta. Kazi yetu ni kutembea. Sijapunguza neno. Sisi tunatembea, ndege ndogo isiyo na mtu inatutazama kutoka juu, na jioni tunalipwa.

Niliachia shule darasa la sita, lakini najua hakuna anayemlipa mtu mzima kwa kutembea tu. Kuna kitu wanachukua kwetu. Bado sijui ni nini.

Wamebandika utepe wa gundi kwenye kamera za simu zetu. Tumekatazwa kupiga picha, tumekatazwa kusimulia. Kuandika hawakusema, basi naandika.

Oktoba 7
Kutembea. Jua.

Oktoba 9
Nimepewa fulana yenye namba saba mgongoni. Hapa sina jina tena, isipokuwa kwa watu watatu.

Wa kwanza ni Danson, namba nne, Mtaita wa hapo Rukanga. Mdomo wake haupumziki. Ile ndege ameibandika jina la mama mkwe. Anasema, "Nyamazeni, mama mkwe ameamka. Tembea vizuri, Mkamba, usije ukanyimwa bibi."

Wa pili ni Bi Khamisa, mpishi, mwenyeji wa Voi, watu wake ni wa Pwani. Kwa mtu wa kupika tu, anauliza maswali mengi. Wapi kwenu, nani anachunga mbuzi, mke anaitwaje. Najibu nusu.

Wa tatu ni Abby, injinia, binti wa miaka kama ishirini na sita. Ananiita Mzee Kiema na kunipa mkono.

Mkubwa wa kambi, Geoffrey, ananiita Saba. Alikuwa mwanajeshi. Sura yake ni ya mtu anayehesabu vijiko baada ya wageni kuondoka.

Oktoba 14
Leo nimejua wanachochukua. Ni mwendo.

Geoffrey alitupanga mstari. "Asubuhi nyinyi ni raia. Kuanzia saa nane mchana nyinyi ni watu wabaya. Mashine inajifunza kutofautisha. Msitembee kama maaskari, maaskari ninao. Kila mtu atembee kama anakwenda mahali asipotaka kuonekana."

"Kama kwa mke wa jirani, afande?" akauliza Danson.

"Hata huko."

Tukapewa bunduki za mbao na vipande vya mabomba. Danson alikwenda kwa mke wa jirani, akichungulia kila kichaka, tukakaa chini kwa kicheko. Mashine ikasema ni mchunga mbuzi.

Ikafika zamu yangu. Mimi sijui watu wabaya wanatembeaje. Wale waliochukua ng'ombe wetu mwaka jana na kumuua Mzee Kituku hatukuwaona wakija. Nikafikiri: nani ninayemjua anayepita porini bila kuonekana? Nikamkumbuka kaka yangu mkubwa, Muinde, akienda kwenye mizinga ya asali. Hutembea ameinama kidogo, fimbo ndefu ya ndoano begani, mfuko wa ngozi mgongoni. Hatua chache, anasimama, anasikiliza, anaendelea. Katika ukoo wetu anayekwenda kwenye mizinga haongei njiani. Baba alisema maneno hutangulia, nyuki wakayapata kabla yako. Ukimsalimu hakujibu, anainua fimbo juu mara moja, na wewe unaelewa.

Nikachukua bomba nikaliweka begani, nikatembea kama Muinde.

Mashine haikuniona kabisa.

Oktoba 15
Abby amefurahi kupita kiasi. "Mzee Kiema, inakuchanganya na miti! Unajificha vipi?"

"Sijifichi. Natembea."

"Basi tembea tena."

Nimetembea tena mpaka magoti yakalia.

Oktoba 20
Mawingu upande wa Taveta. Hakuna mvua. Nimetembea peke yangu siku nzima, wenzangu wamekaa kivulini. Abby ameniletea chai yenye sukari nyingi. Baba alikuwa akisema, anayekuongezea sukari kabla hujaomba, angalia anataka kukuuzia nini.

Oktoba 27
Mvua! Ya kwanza. Ndege hairuki, hatukutembea. Nimempigia Ndanu. Mke wangu anasema huko kwetu pia imenyesha, nzuri, ya kuingia ardhini. Nikasikia Muinde nyuma yake akisema migunga ikichanua hivi, mizinga itajaa kabla ya Krismasi. Nikafurahi kama niko hapo.

Oktoba 28
Mvua.

Oktoba 29
Mvua. Danson anasema mama mkwe anaogopa kulowana nywele.

Novemba 3
Leo mashine imenikamata. Nilikuwa mbali, katikati ya vichaka, na sauti ikatoka angani: "Simama. Jitambulishe." Ni sauti ya mwanamke, safi, kama ya kusoma habari. Bi Khamisa alicheka niliporudi jikoni. "Huyo si Mswahili wa nyumbani, huyo Mswahili wa ofisini. Hata hodi hana."

Nilikuwa nimekwisha zoea kuwa Muinde. Sikujibu. Niliinua bomba juu mara moja, kama anavyofanya.

Abby akapiga kelele za furaha. Akanionyesha kwenye skrini: mimi mdogo kama siafu, kisanduku chekundu kimenizunguka. Akasema alama ninazowapa ni kali kuliko za wote. Kusimama na kusikiliza. Kutojibu. Kisha kuinua kitu kirefu. "Hiyo tumeipa jina kabisa," akasema, "mwendo wa Saba. Wewe ndiye mwalimu wetu bora."

Nilifurahi, sitaficha. Tangu nizaliwe hakuna aliyeniita mwalimu.

Novemba 4
Jana nilifurahi. Leo nimeamka na neno moja kichwani: kali kwa nani?

Novemba 8
Wameifunga ndege kikapu kidogo chini ya tumbo. Tumejaza vifuko vya mchanga, kila kimoja kama paketi mbili za unga zikifungwa pamoja. Ndege inavibeba na kuviangusha juu ya masanamu ya magunia. Haikosei sana.

Danson akamuuliza Geoffrey, "Afande, hii ni ya nini?"

"Ni mchanga."

"Na siku ambayo si mchanga?"

"Siku hiyo hutakuwa hapa."

Nikamwendea Abby kwa kuwa yeye ni mpole. Akaniambia nisiogope, mashine haiamui, mashine inashauri, kuna mtu wa kubonyeza. Nikauliza huyo mtu anapewa muda gani wa kufikiri. Akasema wa kutosha. Akatazama pembeni aliposema hivyo.

Novemba 10
Mvua nyepesi. Danson amekula chakula cha mchana na Geoffrey. Walikuwa wanacheka nini?

Novemba 13
Ndanu amenipigia yeye, jambo asilolifanya maana anaogopa kumaliza salio.

"Baba Mumbe, kuna habari njema. Chifu ameita baraza. Wataweka mlingoti pale kilimani juu ya malisho. Una macho, na kuna ndege itakayozunguka. Wezi wa mifugo sasa basi."

Nikauliza ni mlingoti wa namna gani. Akaueleza. Ni huu huu.

"Lini?"

"Mwezi ujao. Vijana wamepata kazi ya kuchimba shimo. Mbona hufurahi? Umesahau Mzee Kituku alivyokufa?"

Sijasahau. Nilisaidia kumbeba. Ndiyo maana sikujua nimwambie nini.

Kilima kile, Muinde hukipita kila mara anapokwenda kwenye mizinga. Hana njia nyingine.

Novemba 14
Mvua. Kila mtu anaishangilia. Mimi naitazama na kufikiri: kila tone ni ua, kila ua ni asali, na asali ni Muinde njiani na fimbo yake.

Novemba 17
Nimejaribu kutembea vibaya. Nimebadilisha hatua, nimeshika bomba kama jembe, sauti ikiita najibu, "Ni mimi Kiema." Mashine ikaniacha. Geoffrey akaja mwenyewe. "Saba, unafanya mchezo?" Nikasema mguu unauma. Akautazama mguu, kisha uso wangu. Kuna mtu amemwambia. Namshuku Danson.

Novemba 20
Nitaandika yote nikingali nakumbuka.

Leo walikuja wageni kutoka Nairobi, magari matano, watu wa suti na mmoja wa sare. Walikaa chini ya hema wakitazama skrini kubwa. Abby alivaa koti. Geoffrey alitupanga watu kumi porini, wote na fulana za kijivu zisizo na namba, wote na vijiti. Tisa watembee kama raia. Mimi nitembee mwendo wa Saba. Ndege inipate kati ya kumi. Siku hii hakuna mtu atakayebonyeza, alisema, ili wageni waone kasi yake. Mimi nitakaposikia sauti nilale nyuma ya gunia, na mchanga utaangukia gunia.

Rukanga nzima ilikuwa imeambiwa watu wasikaribie. Ila mbuzi hawaambiwi. Mbuzi wa mama yake Danson, Mama Susan, walikuwa wamevuka waya tangu alfajiri, na yeye akawafuata. Alikuwa amevaa gauni la kijivu, kama fulana zetu. Mkononi alikuwa na fimbo ya kuchungia.

Mimi nilikuwa nimekwisha anza kutembea. Nilimwona kwa mbali, nikadhani ni mmoja wetu. Alikuwa akitembea hatua chache, anasimama, anasikiliza kama atasikia kengele za mbuzi, anaendelea. Hata mimi niliuona ule mwendo na sikufikiri lolote.

Sauti ikaita: "Simama. Jitambulishe."

Nililala nyuma ya gunia. Yeye akasimama. Hakujua kitu cha angani kinaweza kuwa kinaongea naye. Akageuka huku na huku akimtafuta anayeitwa. Akamwona mwanawe Danson amesimama upande wa pili. Akainua fimbo juu kumsalimu.

Ndege ilinipita juu ya kichwa kama nyigu. Haikushughulika na gunia langu.

Kifuko kilimpiga begani. Alianguka bila sauti. Na kutoka kwenye hema, wageni walipiga makofi. Walidhani ni mmoja wetu na anaigiza kufa.

Danson alikimbia. Sijawahi kuona mtu akikimbia hivyo. Nilipofika alikuwa amepiga magoti, anamfunika mamake kichwa kwa mikono miwili, akitazama juu.

Mama Susan alikuwa anasema, "Mbuzi, Danson. Mbuzi wanaenda."

Mtulinga, mfupa wa juu ya kifua, umevunjika. Wamempeleka hospitali Voi na gari jeupe. Wageni walikunywa soda wakaondoka. Sidhani kama kuna aliyewaambia.

Novemba 21
Hakuna kazi.

Novemba 22
Danson amerudi kuchukua nguo. Hakutania. Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Niliiona ile skrini nilipokimbilia hemani kuomba gari, Kiema. Kisanduku chekundu, na juu ya kichwa cha mamangu kumeandikwa Saba. Mamangu aliandikwa namba yako."

Akasukuma shati ndani ya mfuko wake.

"Ulijifunza wapi kutembea hivyo?"

Nikamwambia. Muinde, mizinga, fimbo, kutoongea njiani. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua mfuko wake, akaenda. Nilikuwa nimemshuku yeye bure. Yeye ndiye mwenye haki ya kunishuku mimi.

Novemba 25
Nimemfuata Abby jikoni alipokuwa akinywa chai. Nikamwambia kila kitu, na kwamba mlingoti unaopelekwa Tseikuru unakwenda kumtafuta kaka yangu. Nikamwomba autoe mwendo wangu ndani ya mashine.

Macho yake yalilowa. Aliomba radhi mara nyingi. Kisha akasema, "Mzee, hautoki. Siyo kama kung'oa gugu. Ni kama chumvi kwenye mchuzi, imeshaenea. Tunachoweza ni kuongeza mifano mingine. Ukitutembelea miezi mitatu kama mrina asali asiye na hatia..."

"Nitatofautianaje na Saba mliyenaye tayari?"

Akazungusha kijiko ndani ya kikombe.

Bi Khamisa hakugeuka kutoka mekoni. "Mwanangu, mchuzi uliozidi chumvi humwagwa. Haupelekwi kwa wageni."

Abby alitoka bila kumaliza chai. Bi Khamisa akakaa chini. Kwa mara ya kwanza akanieleza habari zake. Mwanawe Waleed ni askari, yuko mpakani, na barabara za huko hutegwa mabomu. "Nikikuuliza habari za kwenu, Kiema, ni kwa kuwa natafuta watu wanaotoka pande kavu kama za huko aliko, wanipe moyo. Mimi nilikuwa naiombea mashine hii ifaulu. Wallahi nilikuwa naiombea. Sasa sijui niombe nini."

Nami nilikuwa nikimjibu nusu.

Novemba 26
Mvua kubwa. Mto mkavu umepita na mti mzima.

Novemba 29
Geoffrey aliniita nyuma ya jenereta, mahali ambapo sauti haiendi mbali.

"Abby ameniambia. Nimesikia pia kuwa ulikuwa ukiharibu mwendo kwa makusudi."

"Nani alikuambia?"

"Mashine. Inajua ukiigiza." Akatema mate. "Sikiliza. Yule binti anakupenda, ndiyo maana anakudanganya. Mimi sikupendi wala sikuchukii, nitakwambia ilivyo. Wageni wameagiza. Mlingoti wa kwenu unasimama Jumatano, tarehe kumi, ila ndege inaweza kuanza kuzunguka siku yoyote kabla. Mtu wa kubonyeza atakuwepo, yuko Nairobi. Ana sekunde nne. Nilipima mimi."

"Utamwambia kuhusu kaka yangu?"

"Nimeandika. Walisema asante." Akaegemea jenereta. "Nimeshusha vijana kwenye majeneza, Saba. Watoto wa miaka ishirini na mbili. Nilitaka kitu kitakachoona kabla wao hawajakanyaga. Bado nakitaka. Lakini kama ningekuwa wewe, ningekuwa kwenye basi."

Huyu ndiye mtu niliyemwogopa tangu siku ya kwanza.

Disemba 1
Nimemwomba Ndanu ampe Muinde simu. Yeye huishika mbali na sikio na kupiga kelele.

"Kiema! Migunga imechanua mpaka inanuka tamu!"

Nikamwambia asiende kwenye mizinga. Au apite njia nyingine. Au aende bila fimbo. Au akisikia sauti juu ya kichwa aseme jina lake kwa nguvu.

"Niseme jina langu? Njiani? Kwa nani?"

"Kwa mlingoti."

Alicheka mpaka akakohoa. "Umekaa sana na watu wa mjini. Mimi nimekuwa nikipita kilima hicho tangu hujaota meno, leo nijitambulishe kwa chuma? Nyuki watanionaje?"

"Muinde, nakuomba."

"Njoo uniombe hapa." Akamrudishia Ndanu simu. Ndanu alisema Muinde amekwisha noa kisu cha kurinia asali, na anangoja mvua ikatike siku mbili tu.

Disemba 2
Jua.

Disemba 3
Jua tena.

Disemba 4
Nimemwambia Geoffrey siji kazini tena. Alinilipa mpaka leo, hakuuliza kitu. Abby alinipa mkono, nikaupokea. Hakuna ubaya ndani yake. Labda hilo ndilo linalonitisha.

Fulana ya saba nimeirudisha. Karani akaikunja na kuiweka juu ya nyingine. Kesho ataivaa mtu.

Jioni nikasikia pikipiki. Ni Danson. Alikaa juu yake bila kuzima.

"Mama anaendelea?" nikauliza.

"Anagombana na manesi kuhusu mbuzi. Ameuliza ni nani huyo Mkamba aliyetembea kama yeye. Nikamweleza habari za kaka yako."

"Akasemaje?"

"Akasema, mpeleke stendi huyo mtu, aende kwao kabla kaka yake hajatoka nyumbani." Akasogea mbele kunipa nafasi. "Panda, basi. Au unataka uambiwe na mama mkwe?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu siku ile. Hakucheka, mimi pia sikucheka, lakini nilipanda.

Ijumaa, Disemba 5, stendi ya Voi
Naandikia magotini nikisubiri basi la Kitui. Juu ni bluu tupu, hakuna wingu, na kila mara najikuta nimeinua macho kutazama.

Nimefikiria nitakachofanya. Mashine nimekwisha ifundisha, na somo lile halifutiki. Aliyebaki ni Muinde. Nitamfundisha kaka yangu, mwenye miaka sitini na miwili, kutembea kama mtu asiye na safari: asisimame kusikiliza, aitwapo aitike kwa sauti, mkono wake ubaki chini hata akimwona mtu wake. Kama hatakubali, nitatangulia mbele yake mpaka kwenye mizinga nikitaja majina yetu wote wawili kwa sauti kubwa, nyuki waudhike wakitaka.

Nimempigia Ndanu. Huko mvua imekatika jana tu, Muinde bado yuko nyumbani. Mwanzoni Ndanu alibisha, akasema tulikuwa tukiomba ulinzi na sasa umekuja mimi naukataa. Nikamweleza habari za Mama Susan, na za makofi. Akauliza kama Mama Susan yuko hai. Kisha akasema, "Basi wewe njoo. Fimbo nitaificha mimi."

Nikipata gari la Mwingi leo, nitaingia Tseikuru kesho Jumamosi kabla ya jua kutua. Barabara ikiwa imekatika, Jumapili mchana, hata kwa miguu. Mpaka nifike, fimbo ya Muinde iko chini ya kitanda chetu, na Ndanu amekaa juu yake.